Bibi wa Shighatini na ngoma ya ng'ambo

Barabara ya kutoka Mwanga mjini kwenda Shighatini hupanda kwa kona nyingi hadi masikio yanaziba. Chini ni joto na miiba. Juu kuna migomba, mibuni na ukungu unaowafanya watoto waende shule na sweta. Zipo sehemu ambazo, anga likiwa safi, mtu anaona Ziwa Jipe bondeni, na ng'ambo yake, upande wa Kenya, milima ya Taita.

Bibi anayesimuliwa hapa alizaliwa ng'ambo hiyo. Aliolewa Shighatini akiwa binti mdogo, akazikwa huko akiwa na zaidi ya miaka 90. Mwaka kamili wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Ndugu zake walisema tu kwamba nzige walipokuja, alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alikuja na vitu vichache, na mwazindika kichwani. Hiyo ni ngoma ya Wataita, ya mapigo ya haraka. Zamani ilipigwa kutuliza pepo, siku hizi huchezwa kwenye sherehe. Shighatini alikuta muziki mwingine. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifungua kituo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1900, na nyimbo za sauti nne zilikuwa zimeshaizoea milima. Bibi akaingia kwaya, sauti ya pili. Matarumbeta ya usharika yakipita na harusi, aliacha makande yaungue jikoni akatoka kusikiliza. Ngoma ya kwao aliipiga kwenye ungo tu, akidhani hakuna anayemsikia.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Milima ya kwao ilibaki palepale machoni, ila kwenda haikuwezekana. Redio haikuhitaji pasi. Jioni alizungusha kitufe taratibu mpaka akaipata Sauti ya Kenya. Mama yake alifariki katika miaka hiyo; habari ilimfikia matanga yameshaisha. Mpaka ulipofunguliwa, Novemba 1983, alikwenda, akakaa wiki mbili, akarudi na betri mpya za redio.

Watoto wake hakuwafundisha Kidawida, lugha ya kwao. Nyumbani kulikuwa na Kipare, shuleni Kiswahili, na ilionekana lugha ya tatu itawachanganya. Wazazi wengi bado wanaamini hivyo, ingawa watoto hukua na lugha mbili au tatu bila madhara yoyote.

Gharama ilikuja baadaye. Bibi alianza kuuliza swali moja mara tano. Familia ikasema ni uzee na masikio mazito. Masikio kweli yalikuwa mazito, na yangepimwa mapema, maana kutosikia vizuri ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata dimensia. Lakini kusahau kwa kiasi kile ni ugonjwa wa ubongo, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Mara nyingi mgonjwa hupoteza kwanza mambo ya jana na kubaki na ya utotoni. Aliyeishi ugenini huweza kurudi kwenye lugha yake ya kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Kiswahili kilipungua, Kipare kikafuata. Akabaki anaomba kitu kwa Kidawida, na binti aliyemuuguza akibahatisha: analeta maji, analeta kanga, analeta mto. Bibi analia. Binti naye anakwenda kulia jikoni.

Kilichosaidia ni ungo. Mjukuu mmoja wa sekondari aliyakumbuka yale mapigo, akayajaribu. Bibi aligeuka, akalishika pigo kwa kidole, akaimba ubeti mzima. Tangu siku hiyo kumwogesha na kumlisha kulianza kwa ungo. Muziki haukumponya, na asitokee wa kuuza kanda akidai hivyo. Ila alikula.

Mjukuu alimrekodi kwa simu. Siku ya mazishi, ndugu waliovuka kutoka Taita waliketi chini ya mgomba kusikiliza. Walicheka, wakaimba naye, kisha mama mmoja akaomba irudishwe nyuma. Sehemu ile ya katikati, alisema, si wimbo. Bibi alikuwa anaomba afunguliwe mlango wa upande wa ziwa.