Kupanda Ngomo

Katika zama za utoto wangu safari ya kutoka ufukweni mwa Tanganyika kwenda Bukavu haikuwa jambo la kuamkia asubuhi moja na kulifanya. Ilikuwa shauri la nyumba nzima, na marehemu baba, aliyekuwa karani wa kupima pamba za wakulima wa bonde la Ruzizi, alilishika shauri hilo kwa taratibu ile ile aliyoishikia mizani yake, akihesabu kwanza masurufu, kisha nguo za baridi, kisha mwezi wa mvua umefika wapi, na mwisho kabisa nauli, ambayo kwa rai yake ndiyo iliyokuwa sehemu nyepesi. Kwetu ni Nyakabere, si mbali na Sange, na malori yote yaliyotoka Uvira yalipita pale pale kijijini. Lakini baba hakukubali hata mara moja tuyadandie njiani. Ilitulazimu kwanza tuteremke kusini hadi Uvira, tulale kwa shangazi kule Mulongwe, na alfajiri tuwe tayari mahali malori yanapopakia ndagala, mawese na chumvi, kwani, alivyozoea kusema, aliyepanda katikati hupewa gunia la kukalia, na aliyepanda mwanzo hujichagulia.

Nilidhani wakati ule kwamba ni ukaidi wa wazee. Baadaye nilifahamu kuwa alikuwa na sababu nyingine, asiyoitaja mbele ya mama: alipenda kuiona safari ikianza na maji. Tulisimama ufukoni kukiwa bado giza, mitumbwi ya wavuvi ikirejea na taa zake, milima ya Burundi ng'ambo ikianza kujitenga na mbingu, naye akatuonyesha kwa kidole upande wa kaskazini, akisema kwamba jioni, inshallah, tutalala kando ya ziwa jingine, lililo juu ya hili kwa zaidi ya mita 680, na kwamba maji ya lile ndiyo yanayoshuka kuja humu. Tanganyika liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, Kivu liko kama 1,460, na Ruzizi ndio mto unaoyaunganisha. Mto huo uliwahi kuwashughulisha wageni wakubwa: Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitumaini kwamba unatoka ziwani kwenda kuwa Naili, wakaambiwa na wenyeji kuwa waingia wala hautoki, na ilibidi mwaka 1871 waje Livingstone na Stanley wakauangalie mdomo wake kwa macho yao ndipo khabari ile ikasadikiwa Ulaya. Baba alikisimulia kisa hiki kila safari, na kila mara alimalizia kwa kustaajabu kwamba hakuna aliyefikiria kumwuliza mvuvi.

Bondeni mwendo ulikuwa mwepesi. Mashamba ya miwa ya Kiliba yalipita upande wa kuume, kisha Runingu, kisha kwetu wenyewe, ambapo tuliwapungia mikono majirani kwa kiburi cha watu wanaosafiri, kisha Sange, Luberizi, Luvungi, na mwisho Kamanyola, mahali ambapo nchi tatu zakaribiana, kwa kuwa mto Ruhwa, unaotenga Rwanda na Burundi, huingia Ruzizi karibu na hapo. Jina la Kamanyola lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko mji wenyewe: jeshi la serikali lilipigana hapo na waasi mwaka 1964, na Mobutu alipokwisha kutawala aliligawa jina hilo kwa ukarimu, kwa kikosi cha askari, kwa merikebu yake ya mtoni, hata kwa uwanja wa mpira wa Kinshasa. Sisi tuliijua Kamanyola kwa maembe na kwa kungoja. Maana hapo ndipo ilipoanza Ngomo, na njia ya Ngomo, iliyochongwa ubavuni mwa jabali enzi za Wabelgiji, ilikuwa nyembamba hata magari yakapanda kwa zamu na kushuka kwa zamu. Aliyekosa zamu ya kupanda alikaa kivulini na kula masurufu yake kabla ya wakati, na hesabu zote za baba, tangu saa ya kuamka mpaka saa ya kuondoka Uvira, zilizunguka jambo hilo moja.

Ngomo hupandwa kwa masikio kwanza. Injini inaguna, shofere anabadilisha gia, na katika ile nukta ambayo lori halipandi wala halishuki, abiria wote hunyamaza. Nyuma, kwa miguu, alikwenda kijana wa lori aliyebeba kipande cha gogo kilichochongwa kama kabari, macho yake hayatoki kwenye gurudumu. Kila lori liliposita alilitupa gogo chini ya tairi kwa mkono mmoja, akangoja, akalichomoa, akakimbia kulifuata tena, na jasho lilimtoka ingawa hewa ilikuwa imekwisha kuwa baridi. Kwenye kona kali alitupigia kelele: "Wapapa, wamama, tushuke, gari ipumue!" Tukashuka, maji yakamiminwa katika rejeta yakafoka mvuke, na hapo, tukitembea nyuma ya lori, ndipo tulipogeuka na kuliona bonde. Lilikuwa limelala chini lote, mto ukipinda ndani yake kwa mikato isiyohesabika, mashamba ya Cibitoke upande wa pili, na mbali kabisa kusini, siku isiyo na ukungu, mstari mweupe ambao baba aliapa kuwa ni ziwa letu. Mama alisema ni wingu. Jambo hilo halikupata suluhu maishani mwao.

Utaratibu huu ulianza kuharibika taratibu. Baada ya amri ya Novemba 1973, iliyowanyang'anya wageni maduka na mali zao ili wapewe raia, vipuri vikaadimika, malori yakawa mazee, na saa ya kufika ikawa haitabiriki hata kwa mtu wa mizani. Kisha mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi zikafunga jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na kipande chake cha kupitia, ambacho sisi sote twakiita lese-pase, kikaufungua mlango ambao wazee hawakuufikiria: ufikapo Kamanyola huhitaji tena kupanda Ngomo, wavuka Ruzizi kuingia Bugarama, wafuata lami laini ya Rwanda hadi Kamembe, na wavuka Ruzizi kwa mara ya pili kuingia Bukavu, nguo hazina vumbi. Njia ya mlima, iliyokuwa ikiachwa kubomoka kila masika, ikabaki ya malori mazito na ya watu wasio na karatasi.

Nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini angalia jinsi mpango wa safari ulivyogeuka. Baba alipanga akiuliza habari za udongo na mvua. Mimi nilipokuwa na watoto wangu nilipanga nikiuliza kama mpaka umefunguliwa, kama kipande kimekwisha muda, vituo vya askari ni vingapi, na kila kimoja kitataka nini. Mlima uliondoka katika hesabu, mahali pake wakaingia watu. Sitaji zile nyakati ambazo hapakuwa na cha kupanga ila kukimbia, kama Oktoba 1996, Uvira ilipoanguka na Bukavu ikafuata kwa siku chache. Hata bondeni, palipokuwa pepesi, pakawa na mahali pazito: Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuteka mafuta, wengine walikuwa vibandani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ulipowaka ukaua zaidi ya watu 230. Sijapita hapo tangu siku hiyo bila abiria mmoja kumwonyesha mwenzake mahali penyewe.

Lililonirudisha Ngomo ni maradhi. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa sababu ya korona, na mwezi uliofuata mto Mulongwe ukafurika usiku na kuzoa nyumba za Uvira, ya marehemu shangazi ikiwemo. Nami nilikuwa na shauri la mirathi yake Bukavu lisilokubali kungoja. Nikapanda mlima ambao watoto wangu, watu wazima sasa, hawakupata kuuona. Kijana wa gogo hayupo tena, kona ni zile zile, na kwenye ile inayotazama kusini nilimwomba shofere asimame, akadhani naumwa.

Sasa mpwa wangu aishiye Nairobi amenipigia simu kwamba ataka kuwaleta wanawe, vita vitakaporuhusu, waione nchi ya babu yao kuanzia ufukweni hadi msituni: waogelee Uvira, walale Bukavu, na siku ya pili waende Tshivanga, katika hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, kuwaona sokwe wakubwa. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na mapigano yakateremka hadi bondeni, mpango huu ni wa karatasi tu, lakini yeye anaupanga kana kwamba ni wa kesho, na simu yake imekwisha kumwambia saa za mwendo, jambo lililonichekesha. "Mjomba," aliniuliza, "tupande kwa Bugarama au kwa Ngomo?" Nilimjibu apande kwa lami na ashuke kwa Ngomo, asubuhi, wakati wa kiangazi. Kwa kupanda, bonde huwa mgongoni na mtu hulazimika kusimama ili alione. Kwa kushuka liko mbele yake saa nzima. Fauka ya hayo, gari lake la Kenya lina usukani upande wa kulia, na kwetu magari hushika kulia: akipanda, aghalabu atakuwa amekalia ukingo wenyewe wa genge, ilhali akishuka atakuwa upande wa jabali. Amekubali yote isipokuwa moja. Nimemtaka aajiri shofere wa Kamanyola kwa kipande kile cha njia, naye anasema ameendesha Nairobi miaka mingi, hakuna kitakachomshinda. Nimemwambia alete wanawe kwanza, gari tutalizungumza.