Nilichomoa diski ya watu

Najua nimepotea wiki tatu nzima bila kuandika, na kuna walionitumia ujumbe wakidhani boom limeisha nikauza kompyuta. Boom limeisha kweli, ila kompyuta ipo. Nilikuwa kimya kwa sababu ya aibu. Leo nasema.

Si mnajua jioni najitolea kwenye chumba cha kompyuta? Kuna mashine moja kuukuu pale ina diski mbili: moja imebeba Linux, ya pili inatunza mafaili ya wanafunzi. Ijumaa ile mtandao wa ndani ulikuwa unasuasua, na mimi nilikuwa na haraka ya kunakili maandalio yangu ya mazoezi ya kufundisha. Nikajiambia, hizi diski si ni SATA? Na SATA si inachomolewa hata mashine ikiwa inawaka? Nilishasoma mahali. Nikafungua ubavu wa mashine, nikachomoa ile ya pili.

Hakikutokea kitu. Mashine haikulia wala kulalamika. Nikajiona fundi! Kama nusu dakika baadaye skrini ikaganda, halafu mistari ya makosa ikaanza kuporomoka. Nikairudisha diski kwa kiherehere, ndo nikaharibu zaidi.

Sasa shosti wangu, huyuhuyu tunayelala naye chumba kimoja, sekunde chache kabla alikuwa amehamishia pale sura ya tatu hadi ya tano ya utafiti wake. Amehamisha jamani, hakunakili. Aliona kazi imekamilika, akatoa flashi yake, akaenda kuijaza tamthilia za Kikorea mpaka pomoni. Kwenye flashi sura hazipo, kwenye diski hazipo. Nilipomwambia tatizo ni draiva ya diski, alinitazama muda mrefu, akasema, "Usimsingizie dereva. Mkono uliochomoa ni wako."

Nikaona bora nijue nilichofanya. Nikamtafuta mshkaji wa mwaka wa tatu kompyuta, tukakaa siku tatu tunasoma kodi ya Linux. Mimi wa ualimu nilielewa labda theluthi, na theluthi hiyo nawapa.

Historia kwanza (walimu hatuachi). Diski za zamani za IDE, zile za waya mpana wa bapa, mbili ziliweza kukaa kwenye waya mmoja na hazikutengenezwa zichomolewe umeme ukiwepo. Draiva iliita majina mara moja mashine inapowaka, ikafunga rejista. Viwango vya SATA vilipotoka 2003, kila diski ikapata waya wake, na kwenye plagi pini za ardhi, namaanisha ardhi ya umeme, zimetangulizwa kidogo ili ziguse kabla ya nyingine. Kwa hiyo upande wa umeme ruhusa ilikuwepo. Lakini libata, sehemu ya Linux inayoendesha diski hizi, aliyoianzisha Jeff Garzik mwaka huohuo, iliendelea na tabia ya kuita majina mara moja tu. Aliyeiongezea uwezo wa kubadilisha diski mashine ikiwa kazini ni Tejun Heo, na kazi yake iliingia kwenye Linux 2.6.18, Septemba 2006.

Nilitegemea kukuta mistari michache tu. Kumbe ilibidi utaratibu mzima wa kushughulikia makosa uandikwe upya kwanza! Kwa nini? Kwa sababu ukikaa kwenye kiti cha draiva, diski iliyochomolewa na diski iliyopata kwikwi zinafanana: umeuliza, hujajibiwa. Mwalimu anaita jina, kimya. Mtoto amesinzia, yuko chooni, au amehama shule? Ukimfuta mapema umemwonea, ukimsubiri milele darasa haliendi.

Inavyofanya sasa ni hivi. Chipu inapohisi mawasiliano yamekatika au yamerudi, inaishtua draiva. Draiva inaifungia ile porti, hakuna amri mpya inayopita, na amri zilizokuwa njiani zinarudishwa. Halafu inaanzisha upya mawasiliano na kuchungulia: kila milisekunde 25 inaangalia kama mtu yupo, na haiamini mpaka jibu litulie kwa milisekunde 500 mfululizo. Mwisho wa subira ni sekunde 2. Mimi niliona ni uzembe mpaka mshkaji akanipa plagi nichomeke polepole. Mkono wa binadamu unatetemeka! Inagusa, inaachia, inagusa tena. Bila ile nusu sekunde, draiva ingehesabu mtu mmoja mara tano.

Ikitulia, inauliza jina la modeli na namba ya utambulisho, inalinganisha na iliyoandikwa. Hapa nilicheka peke yangu. Ni kuzuia mamluki! Si mnawajua wale wanaoingia kumfanyia mtu mtihani? Diski nyingine inaweza kukaa kwenye porti ileile, ukubwa uleule, na draiva ikiipokea kama ya zamani itaanza kuandika vitu vya mwenzake juu ya mafaili yake. Namba zisipolingana, ya zamani inafutwa kwenye rejista na mpya inaandikishwa upya.

Sasa kwa nini kwetu haikufanya yote hayo? Tulifungua mipangilio ya BIOS ya ile mashine, tukakuta SATA imewekwa ijifanye IDE ya zamani badala ya AHCI. Kwa hali hiyo hakuna wa kuishtua draiva. Iliendelea kuamini diski ipo, ikatuma amri, ikasubiri sekunde 30 za kawaida. Ile nusu dakika niliyojiona fundi ndiyo hiyo.

Nilitaka kuishia hapo, maana inanipunguzia lawama. Ila mshkaji akaniharibia. Kwenye Linux, ukihifadhi faili, kwa kawaida linakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine, na linaweza kukaa hapo kama sekunde 30 kabla halijaanza kuandikwa kwenye diski. Kwa hiyo sura za shosti huenda hazikuwahi kuigusa ile diski kabisa. Hata kama AHCI ingekuwepo na kazi yote ya Heo ingefanya kazi barabara, mashine isingeganda, na sura zingepotea vilevile. Draiva inajua diski imeondoka. Haina jinsi ya kuipelekea kitu ikiwa imeshaondoka.

Juzi nilirudia kwa utaratibu, kwenye mashine mbovu isiyo na kitu cha mtu. Nikaweka AHCI, nikalitenganisha kwanza lile faili-mfumo ili kila kilichosubiri kiandikwe, nikaiambia Linux iiondoe diski kwenye orodha. Nikasikia diski inapunguza mzunguko, vuuu, mpaka kimya. Ndo nikachomoa. Nikachomeka nyingine, na kwenye kumbukumbu za kerneli ikajitaja jina lake yenyewe. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Shosti, nashukuru Mungu, alikuwa na karatasi za rasimu ya zamani zilizojaa wino mwekundu wa msimamizi wake. Kapewa wiki mbili. Kila usiku yeye anasoma, mi nachapa. Tuko katikati ya sura ya nne, majedwali yote bado. Hatujarudi kuchekeshana kama zamani, lakini jana alininunulia chipsi. Kila baada ya ukurasa ananiuliza, "Umehifadhi?" Nikisema ndiyo, anauliza tena, "Wapi?"

Haya, ananiita. Tuonane wiki ijayo.