Saa Ikidanganya, Nani Analipa?

Hebu tuambiane ukweli, wasee. Saa ya ukutani ikisimama kabisa, haimdanganyi mtu. Unaiangalia, unaona mshale haujasonga tangu jana, unacheka, unatoa simu mfukoni. Balaa ni ile saa inayotembea vizuri, tik tik tik, na kumbe iko mbele dakika nne. Hiyo ndiyo inakula pesa ya watu.

Najua unajiuliza, huyu naye ana habari gani na saa za ukutani? Sikiza. Nilifanya atachimenti katika kiwanda fulani hapa Nairobi, upande wa kompyuta, na kazi mojawapo niliyopewa ilikuwa kuchunga saa. Sio mzaha. Kulikuwa na saa karibu 40, kutoka ofisini hadi getini, zote zimeunganishwa kwa mtandao. Hakuna anayepanda ngazi kuzirekebisha moja moja. Kila saa inaiuliza seva, "Sasa ni saa ngapi?" na seva inajibu. Lugha wanayoongea inaitwa NTP, kazi ya Mmarekani David Mills, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa 1985. Simu yako na kompyuta yako pia hupata saa kwa njia kama hiyo, ndiyo maana hukumbuki mara ya mwisho uliporekebisha saa ya simu.

Sasa, kuna programu inayozichunga hizo saa. Inaiuliza kila moja: uko hai? Mara ya mwisho uliongea na seva lini? Mnatofautiana kwa sekunde ngapi? Halafu inakuwekea taa kwenye skrini. Kijani, shwari. Nyekundu, kuna shida.

Saa ya getini ilikuwa nyekundu. Nikaifungua rekodi yake: ilikuwa haijaongea na seva kwa miezi 16. Kifaa kilichoiunganisha na mtandao kilikuwa kimeungua, na tangu siku hiyo saa ikawa inajiendea na kristali yake ya ndani kama saa yoyote ya dukani. Piga hesabu nami. Saa ya aina hiyo ikikosea nusu sekunde kwa siku, hilo si jambo la ajabu. Lakini siku 480 mara nusu sekunde ni sekunde 240. Dakika nne kamili. Na ndivyo ilivyokuwa, mbele dakika nne.

Dakika nne ni nini, buda? Hapo getini vibarua waliripoti saa moja asubuhi. Ukiingia baada ya hapo, unakatwa saa nzima. Kuna mama mmoja aliyekuwa anakuja na matatu ya kwanza kila siku, na mara nyingi alifika saa moja kasoro dakika mbili. Kwa saa ya ukutani, huyo amechelewa. Aliniambia, "Mwanangu, simu yangu inasema bado, saa yenu inasema nimechelewa. Sasa mimi niamini nani?" Alikuwa amelalamika kitambo. Msimamizi akamjibu kwamba mashine haikosei.

Na hapa ndipo niliposhika kichwa. Programu ilikuwa imetuma onyo. Si mara moja, ilituma kila siku! Lakini barua pepe zote zilienda kwa fundi aliyeacha kazi hiyo kitambo, na hakuna aliyebadilisha anwani. Kwa hivyo mashine ilifanya kazi yake. Waliokosekana ni watu.

Nikapeleka rekodi kwa mkubwa wangu, kifaa kikabadilishwa siku iyo hiyo, taa ikawa kijani. Pesa waliyokatwa vibarua? Haikurudishwa. Niliuliza, nikaambiwa hayo si ya watu wa kompyuta.

Wengine mtasema, kwani leo nani anaangalia saa ya ukutani na kila mtu ana simu? Sawa, lakini simu yako haina nguvu mbele ya bawabu. Kwenye chumba cha mtihani simu zinaachwa nje, na msimamizi akisema "kalamu chini" anaangalia ukutani. Hospitalini, saa ya ukutani ndiyo muuguzi huangalia akiandika mtoto amezaliwa saa ngapi. Anayetawala ndiye anayechagua saa ya kuaminiwa.

Tena taa ya kijani yenyewe si ya kuaminiwa kama biblia. Saa inaweza kuwa inaongea na seva vizuri kabisa huku mshale wake umekwama kwenye kioo. Ama saa inafutwa mipangilio yake, inarudi kwenye saa ya dunia, ile UTC, na hapa kwetu tuko mbele kwa saa 3. Utaona skrini inasema iko sawa, na ukutani saa nne asubuhi inasoma saa moja. Kwa hivyo lazima kuwe na mtu anayezunguka, hata mara moja kwa wiki, akilinganisha kwa macho.

Maoni yangu ni haya. Onyo liende kwa mtu aliye kazini, na akinyamaza, lipande kwa mkubwa wake. Mtu akiacha kazi, jina lake litolewe kwenye mitambo siku hiyo hiyo anayorudisha funguo. Na kama saa inatumika kumkata mtu mshahara, huyo mtu awe na haki ya kuona rekodi yake: ilirekebishwa lini, na inakosea kwa kiasi gani. Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri ili mnunuzi asiibiwe. Saa ya getini inapima jasho la mtu, na haina hata karatasi!

Nyinyi mnaofanya kazi mahali penye saa kama hizo, kesho ulizeni swali moja tu: hii saa inachungwa na nani? Mkijibiwa "inajichunga yenyewe," anzeni kuandika mahali dakika mnazofika.