Hola na Garsen: Ni Mji Upi Ulio Bora kwa Kukaa?

Makarani wakutanapo wakati wa likizo hawakosi kubishana juu ya Nairobi na Mombasa, ni mji upi ulio bora kwa kukaa na kwa matembezi. Huyu husifu baridi na majumba marefu, yule husifu upepo wa bahari na biriani. Mimi hunyamaza, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kupelekwa katika mmoja wa miji hiyo miwili. Nilipelekwa Tana River. Nilikaa Garsen miaka minne, tangu 2016 hata 2020, kisha nikahamishiwa Hola, nami nipo huko mpaka sasa. Lakini nimeona kwamba swali lile lile laweza kuulizwa juu ya miji midogo pia, na jibu lake ni zito zaidi, maana huku mtu akichagua vibaya hapotezi anasa peke yake. Mwaka huu mimi na mke wangu tumejaliwa akiba ya kutosha kununua kiwanja na kujenga nyumba ndogo, nasi imetupasa kuchagua. Kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wasomaji yale niliyoyaona katika miji hiyo, ili wayapime wenyewe.

Msomaji asiyepata kufika huku yafaa kwanza aujue mto. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita katika nchi kavu, na mwisho humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Ukiuacha ukingo wake mwendo mfupi tu, waingia katika vichaka vya miiba na vumbi. Kwa sababu hiyo kila mtu amefuata mto. Wapokomo hulima migomba, miembe na mpunga katika udongo unaoachwa na maji. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao kunywa, wakipita katika njia ziitwazo malka. Na hata Mkenya asiyepata kuuona mto huu ameusikia bila kujua, kwa kuwa sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Hola na Garsen zote mbili zipo kando ya mto huo, na kati yake pana kama kilomita 100. Hola ipo upande wa juu, na Garsen upande wa chini, mto unapoanza kutawanyika.

Nianze na Garsen. Mji huu ni mtoto wa barabara. Atokaye Malindi kwenda Garissa hupita hapa, na atokaye Mombasa kwenda Lamu hupita hapa hapa. Njia panda ya Minjila, iliyo jirani, ndiyo inayowagawa. Basi likisimama, akina mama hulikimbilia na mabeseni ya maembe, ndizi na mayai ya kuchemsha, na kwa dakika kumi mji mzima huwa soko. Mke wangu alikuwa mmoja wao, na katika msimu wa maembe zipo siku ambazo faida yake ilipita mshahara wangu. Kwa mtu apendaye kutoka jioni, Garsen haichoshi. Hotelini utapata chai ya maziwa, mahamri, wali wa nazi, na samaki wa mtoni aliyekaangwa vizuri, na pamoja navyo habari za Lamu, Mombasa na Garissa, zote katika meza moja. Vijana hucheza mpira mpaka kiza kiingie. Hasara zake ni joto, na mbu wengi ajabu. Asiye na chandarua asithubutu kulala.

Hola ni mji wa namna nyingine, mji wa ofisi. Ndiyo makao makuu ya kaunti, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 majengo yameongezeka. Kuna hospitali kuu ya kaunti, kuna benki, kuna shule za sekondari, na karatasi iliyokuwa ikichukua siku mbili kufuatwa kutoka Garsen huipata kabla ya chakula cha mchana. Lakini ofisi zikifungwa siku ya Ijumaa, magari huondoka na wakubwa, na mji hunyamaza. Matembezi ya Hola ni kwenda kula nyama ya mbuzi, kunywa maziwa ya ngamia, kukaa chini ya mwembe na kuzungumza, kisha kulala mapema. Mwezi wa kwanza nilidhani nitaugua kwa upweke. Mwezi wa sita niligundua kwamba nilikuwa nimesoma vitabu vinne, na kwamba fedha zangu zilikuwa bado mfukoni.

Hola pia ina kumbukumbu isiyofaa kupitwa kimya kimya. Hapa ndipo palipokuwa na kambi ya kizuizini ya wakoloni, na tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau walipigwa na askari hata wakafa. Kwanza serikali ya kikoloni ilisema kwamba wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikufa kwa kipigo, na jambo hilo likaleta fedheha kubwa katika Bunge la Uingereza. Leo shule moja ya sekondari mjini inaitwa kwa kumbukumbu ya Mau Mau, na mtoto wangu ataweza kwenda huko kwa miguu.

Watu wengi husema kwamba Hola ni salama kwa sababu mto hauisumbui sana. Hilo ni kweli nusu. Vijiji vya kandokando hufunikwa na maji, na makorongo yakijaa barabara hukatika. Tena mto ukikosekana huwa msiba vile vile. Kilimo cha kumwagilia maji kilianzishwa Hola miaka ya 1950, na baada ya uhuru wakulima wakapata mashamba ya pamba. Lakini mwaka 1989 mto uliacha njia yake, ukajichimbia nyingine mbali na mitambo ya kuvutia maji. Mashamba yakakauka, na ikapita miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Kwa hiyo Hola mto uliwahi kwenda zake. Na Garsen mto huja bila kualikwa.

Nasi ulitujia mwaka 2018. Ajabu ya mafuriko ya Garsen ni kwamba huweza kuja jua likiwaka. Mvua hunyesha huko juu milimani, mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa hufurika, na baada ya siku kadhaa maji hutufikia sisi ambao hatukuona hata tone. Nyumba tuliyopanga ilikuwa upande wa mtoni. Jioni maji yalikuwa uwanjani. Usiku wa manane yalikuwa chini ya kitanda, na mke wangu akashikwa na uchungu wa kuzaa, majuma mawili kabla ya siku tuliyohesabu.

Barabara ya hospitali ilikuwa imezama. Nilisimama mlangoni na taa mkononi, nisijue la kufanya. Elimu yangu yote haikunisaidia kitu. Jirani yangu, mfugaji wa Kiorma, ndiye aliyesikia sauti akaja, maji yakimfika mapajani. Akaniambia, "Karani, mshike mama. Mimi namfuata mzee." Akarudi na mzee wa Kipokomo mwenye mtumbwi, ambaye mchana alikuwa amehamisha watoto wa watu bila kupumzika. Tukamlaza mke wangu juu ya godoro ndani ya mtumbwi. Mzee akashika upondo nyuma, jirani akakaa mbele akimulika majini, maana mamba na viboko hawajui mpaka wa mto wakati wa mafuriko. Hapana aliyesema neno ila mzee, aliyekuwa akimwambia mke wangu kila mara, "Vumilia, mwanangu, tumekaribia," hata tulipokuwa bado mbali. Binti yetu alizaliwa alfajiri, salama. Nilipotaka kumpa mzee fedha, alikataa, akaniomba nimtafutie betri za tochi.

Siku nyingi baadaye ndipo nilipotambua uzito wa jambo lile. Mwaka 2012, kuanzia mwezi wa Agosti, Wapokomo na Waorma wa sehemu hizi walipigana kwa sababu ya mashamba, malisho na njia za maji, na watu zaidi ya 100 waliuawa, wake kwa watoto. Wazee wale wawili waliokaa katika mtumbwi mmoja kwa ajili ya mke wangu, kila mmoja alikuwa amezika ndugu zake miaka sita tu nyuma. Hawakunieleza hayo wenyewe. Niliyasikia kwa wengine.

Basi tumechagua nini? Tulibishana kwa muda mrefu. Mke wangu alisema, "Baba Neema, Hola kuna hospitali, lakini Garsen kuna watu." Nami sikuweza kumpinga. Lakini tuna watoto wawili sasa, na mtumbwi si kitu cha kuwekea tumaini kila masika. Tumenunua kiwanja Hola, mahali palipoinuka. Mke wangu ataendelea na biashara yake, akipokea mpunga na maembe kutoka Garsen kwa basi, na sikukuu tutakwenda kuzila huko, kwa yule mzee na kwa yule jirani.

Kwa karani mwenzangu atakayepata barua ya kuhamishiwa huku, shauri langu ni hili. Usiulize kwanza hoteli zipo ngapi. Uliza maji hufika wapi mto ufurikapo. Uliza hospitali ipo umbali gani na njia yake hupita wapi. Kisha uliza ni nani atakayekuja ukipiga kelele usiku wa manane. Mambo mawili ya kwanza utaonyeshwa na wenyeji siku ya kufika. La tatu ni lazima ulitafute mwenyewe, kwa kuwasalimu watu, kuhudhuria misiba yao na kunywa chai yao. Hapa Hola mimi nimekwisha kuanza.