Nilisema tu: «Namjua»

Habari hii ilinipata miye mwenyewe. Naiandika kwa sababu jamaa nyingi za hapa kwenye migodi ziko na watoto huko Ulaya, na simu kama ile inaweza kulia siku moja katika nyumba yako pia.

Mtoto wa dada yangu anakaa London pamoja na bwana yake. Anatumika usiku katika hospitali, watoto ni watatu, na kazi ya nyumba ilikuwa inamshinda. Akanipigia: «Mjomba, natafuta mtu wa kunisaidia kufagia na kupiga pasi, siku mbili kwa juma. Kuko binti mmoja anasema ametoka katika parokia yako. Unamjua?»

Kama namjua! Nilimbatiza. Mama yake anaimba katika kwaya ya wamama. Nikajibu bila kufikiri: «Mchukue tu, ni mtoto wetu.» Jioni ile nikapita kwa mama yake kumpa habari. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Baada ya siku tatu, bwana ya mpwa wangu akanipigia. «Baba Pasta, binti ni muzuri, njo vile. Lakini nilimuomba makaratasi ya kazi, hana.» Nikakasirika. Nikamwambia: «Kumbe Ulaya imewageuza polisi? Dada yenu wa kanisa mnamuuliza makaratasi kama kwenye barrière?» Kijana hakunijibu vibaya. Akanieleza polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyonyamaza.

Kule Uingereza kila anayeajiri mtu, hata mama wa nyumba anayemwajiri mtu wa saa chache tu, anatakiwa kuhakikisha kabla ya siku ya kwanza kama mtu yule ana haki ya kutumika. Mgeni mwenye ruhusa, mara nyingi, anampa mwajiri namba maalumu. Mwajiri anaiandika kwenye intaneti ya serikali pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, anaona picha yake na kazi alizoruhusiwa, halafu anatunza nakala. Mwenye paspoti ya Uingereza anaileta yenyewe. Na uwaulize wote namna moja, siyo wenye ngozi nyeusi peke yao, maana ubaguzi nao umekatazwa. Kama mfanyakazi ametumwa na shirika lililomwajiri, shirika lile ndilo linalochunguza. (Hata kwetu Kongo mgeni anayeajiriwa anadaiwa karte ya kazi. Wakubwa wa kampuni wanalijua sana.)

Tangu Februari 2024, faini inaweza kufika pauni 45.000 kwa kila mtu aliyeajiriwa bila haki. Ukirudia, 60.000. Ukifanya huku unajua, ni gereza.

Wala usifikiri inawapata wajinga tu. Mwaka 2009 Patricia Scotland, mshauri mkuu wa sheria wa serikali ile, alitozwa pauni 5.000 kwa ajili ya mtumishi wa nyumba yake. Alisema makaratasi aliyaona, lakini nakala hakutunza. Na yeye alikuwa waziri katika wizara ya mambo ya ndani wakati sheria hiyo ya 2006 ilipopitishwa! Mwaka 2014 Mark Harper, waziri wa uhamiaji, aliacha kazi yake kwa sababu mwanamke aliyemfanyia usafi hakuwa na ruhusa.

Lakini faini siyo iliyonichoma. Binti wetu aliomba hifadhi na bado anangoja jibu. Karte aliyopewa inasema haruhusiwi kutumika. Akipitisha miezi 12 bila jibu, na kosa si lake, anaweza kuomba ruhusa, lakini kwa kazi za ufundi zilizo katika orodha ya serikali. Kufagia nyumba hakumo. Akikamatwa anatumika, ni yeye anayevunja sheria, na maombi yake yanaweza kuharibika. Miye mchungaji wake nilikuwa namsukuma huko kwa neno moja la simu.

Nilimwambia mpwa wangu amwite Jumapili, wale pamoja. Akauliza: «Na akisaidia kidogo, nikampa bahasha?» Hapana. Bahasha ile ni mshahara, hata ukiiita zawadi.

Kisha nikarudi kwa mama yake. Nilikaa kwenye kiti kile kile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu: «Pasta, njo weye ulisema atapata.» Sikuwa na jibu. Angali anaimba katika kwaya, lakini ibada ikiisha anapita mlango wa kando, hanipi mkono.

Juma lililopita simu nyingine imetoka Manchester, kijana wa Likasi anatafuta kazi kwa jamaa ya hapa. «Pasta, unamjua?» Nikasema namjua sana, na baba yake namjua. Halafu nikauliza karte yake inasema nini.