Kabla ya Mkasi Kushikwa

Aingiaye kitaluni kwa mara ya kwanza kutafuta mche wa kufanyia bonsai, yaani mti mdogo utunzwao chomboni kwa mtindo wa Wajapani, aghalabu huinua macho. Huvutiwa na majani, akauchagua mti ulionyooka na kustawi. Mjuzi huinama. Huufukua udongo kwa kidole, akatafuta pale mizizi inapoanza kutanda kutoka shinani. Tawi lililokosekana laweza kuoteshwa, na majani yaweza kupunguzwa ukubwa kwa kupogolewa. (Matunda hayapunguki; mlimau mfupi bado huzaa malimau ya sokoni.) Shina jembamba, hata hivyo, likishafungiwa chomboni hukawia mno kunenepa. Atakaye shina nene sharti auache mti ardhini kwa miaka kadhaa kwanza.

Hapa ndipo methali ya kumkunja samaki angali mbichi inapotiwa majaribuni. Njia ya mbegu huiafiki: mche huutii waya, ukapindwa upendavyo. Ila mbegu hudai umri, na kipandikizi hupunguza deni hilo kidogo tu. Aanzaye na mbegu akiwa na miaka 60 humwandalia kazi mtu mwingine. Katika makavazi ya kitaifa ya bonsai jijini Washington mna msonobari ambao matunzo yake huhesabiwa tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mnamo Agosti 6, 1945 ukiwa katika ua wa familia ya Yamaki, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani. Mikono iliyouanza ilikuwa imekwisha kuoza zamani.

Kwa wasioweza kungoja, Wajapani wana yamadori: mti uliochimbuliwa mlimani. Upepo, theluji na mawe yameshausokota, sehemu ya shina imekufa na kubaki nyeupe kama mfupa. Samaki huyu alikunjwa akakauka kabla ya kufika jikoni, na ndiye ghali kuliko wote. Shimpaku, ambao ni wa jenasi moja na mtarakwa wa misitu ya Kenya, ulisakwa katika majabali ya Itoigawa hadi ukawa adimu huko; mingi inayouzwa kwa jina hilo leo imetokana na vipandikizi. Sanaa inayosifiwa kwa subira, basi, imewahi kuukomba mlima kwa pupa.

Pupa hiyo haikomei kwenye kuchimbua. Mti mzee uliopoteza mizizi yake myembamba huhitaji kuachwa miaka miwili mitatu pasi na waya wala mkasi, na wachache huvumilia kuwa na kitu kizuri wasikiguse. Ukifa, hausemi. Shimpaku uliokufa waweza kubaki na rangi ya kijani kwa wiki nyingi, mwenyewe akiendelea kuunywesha maji kila asubuhi na kuwaonyesha wageni.