Mteremko Usioonekana kwa Macho

Wako watu wengi miongoni mwetu wadhanio kuwa baiskeli ni chombo cha mtu asiyejaliwa kupata motokaa. Naomba wasomaji wanivumilie nikiwaeleza kwa nini mimi, karani mstaafu niliye na nauli ya matatu mfukoni, hupenda kuuzunguka mji wetu wa Machakos kwa magurudumu mawili, tena kwa njia za changarawe. Na ni jambo gani nililojifunza katika njia hizo liwezalo kumfaa kila mwenye shamba mlimani.

Huko Ulaya na Marekani umeenea mchezo wa kuendesha baiskeli katika barabara zisizo na lami. Baiskeli zake zina gia nyingi, na mipira yake mara nyingi ina upana wa milimita 40 hivi. Mpwa wangu aliponunua baiskeli ya namna hiyo, nilitwaa kipimo nikapima mpira wake, kisha nikapima wa baiskeli yangu nyeusi, ile tuiitayo Black Mamba. Upana ulikuwa ule ule. Basi walimu na makarani wa zamani, waliopanda milima ya Mbooni na Kangundo kwa baiskeli za namna hii, waliucheza mchezo huu bila kuambiwa kuwa ni mchezo! Tofauti ni kwamba baiskeli yangu ina gia moja tu, na gia yake ya pili ni kushuka na kusukuma.

Wala asidhani mtu kuwa jambo hili ni la mzaha. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka tulikagua breki na minyororo, tukapunguza upepo kidogo katika mipira ili ishike vyema penye kokoto, tukachukua pampu, viraka na maji ya kunywa.

Safari yetu ilianzia kando ya bwawa la Maruba, ambalo huupa mji wa Machakos maji. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Iveti vilivyo juu yake hupita mita 2,000. Tulikusudia kufanya mzunguko mpana: kwanza kwenda upande wa mashariki hata Kituluni, kisha kurudi kwa njia za vilimani, na mwisho kushuka tena bwawani.

Huko Kituluni, kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini, ndipo mahali maarufu paitwapo Kyamwilu. Wageni huja kutazama ajabu yake. Motokaa ikiachwa bila gia huonekana ikipanda mlima yenyewe, na maji yakimwagwa barabarani huonekana yakikimbia kwenda juu. Mpwa wangu alisimamisha baiskeli akasema, "Mjomba, hapa nitapumzika, mlima unanisukuma wenyewe." Lakini wataalamu hueleza kwamba hapana uchawi wala sumaku. Ardhi yote ya kando imeinama kwa namna ambayo jicho halipati mstari ulio sawa wa kujipimia, hata mteremko mdogo likaudhania kuwa mwinuko. Nilipogeuza baiskeli na kurudi kule ambako macho yangu yaliniambia ni bondeni, miguu ilikataa kabisa neno hilo. Ilinibidi nikanyage kwa nguvu. Jicho lilidanganywa; miguu haikudanganywa, wala maji hayakudanganywa.

Neno hilo lilinikaa moyoni tulipokuwa tukipanda vilimani. Njia ilikuwa ngumu. Pahali pengi maji ya mvua yalikuwa yamekata mifereji katikati ya barabara, mingine ya kina cha gurudumu zima, nasi tukashuka na kubeba baiskeli mabegani. Ilionekana wazi kuwa mifereji ile haikuanzia penye mteremko mkali. Ilianzia pale ambapo nchi yaonekana kuwa tambarare, mahali ambapo mwendesha baiskeli huanza kwenda kasi bila kukanyaga, wala hajui kwa nini.

Tulipumzika penye shamba la mama mmoja, lenye matuta yaliyonyooka vizuri na majani ya nepia juu ya kingo. Matuta yake yalikuwa ya fanya juu, yaani mchanga wa mtaro hutupwa upande wa juu ukawa ukingo, na kadiri miaka ipitavyo shamba hujitengeneza ngazi. Namna hii imeenea sana kwetu Ukambani, na jina lake la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya nchi za ng'ambo.

"Mama, ni nani aliyekuchimbia sawa hivi?" nikamwuliza.

"Mzee, mtaro wa kwanza tuliuchimba kwa macho," akajibu. "Maji yakakusanyika pembe moja, yakaupasua ukingo, yakaondoka na mahindi. Sasa hatushiki jembe bila kamba na pimamaji."

Kamba hiyo hufungwa kwenye vijiti viwili vya kimo kimoja, na pimamaji ndogo huning'inizwa katikati yake. Povu likitulia katikati, mistari ya shamba huwa sawa. Zaidi ya hayo, mama huyo alikuwa amechimba mlango wa kuyaingiza maji ya barabarani katika mtaro wake, na humo migomba ilikuwa imesitawi. Hatua chache chini yake, penye shamba lisilo na mtaro, maji ya barabara ile ile yalikuwa yamechimba korongo ambalo ng'ombe angeweza kujificha ndani yake.

Tuliteremka polepole, breki mkononi, hata tukafika tena Maruba. Pale mkondo uingiapo bwawani, tope lilikuwa limetanda. Nikafikiri kuwa tope lile lilikuwa shamba la mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na kila kibaba cha udongo kiingiacho bwawani hutwaa nafasi ya kibaba cha maji ambacho mji ungekunywa wakati wa kiangazi. Hivyo hasara ya mwenye shamba mlimani huwa pia hasara ya karani aliye mjini, ambaye hudhani habari za matuta hazimhusu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kabla mvua za vuli hazijaanza, yafaa kila mmoja apite katika shamba lake na njia iliyo juu yake, na asiyaamini macho yake tu. Mwenye baiskeli aipande polepole, aiache ijiendee yenyewe, atazame inaelekea wapi. Mwenye kamba na pimamaji atapata hakika zaidi. Mahali anapopaona tambarare huenda ndipo maji yatakapoanzia safari yao, nayo hayatamngoja amalize kubishana na macho yake.